Walitaka kuiuza kwa kilo: Pijo ya Mzee iliyolala miaka 19 chini ya mparachichi

Kuna familia moja ya Kibosho, Kilimanjaro, ambayo kundi lake la WhatsApp lilikufa Aprili 2024. Halikufutwa. Lilikufa tu kama yanavyokufa makundi mengi ya ukoo: mtu mmoja kaandika ujumbe mrefu saa tano usiku, mwingine kajibu kwa sauti ya dakika nne, yule wa kwanza kajitoa. Ikabaki picha ya Mzee na Mama wamevaa kitenge cha sare, na kimya.

Chanzo ni hela ya matibabu, kama kawaida. Mzee alipata kiharusi mwezi Machi. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa wa kuburuza, na maneno yakakimbia. Huyu ni mtu ambaye zamani akishuka Moshi mjini mara moja, akirudi anasimulia nusu saa utadhani kaenda Ulaya. Sasa alikuwa anatafuta neno "maji" na halipatikani, anakunja uso, anaachana nalo.

Michango ikaitishwa. Dada, muuguzi wa Arusha, akatoa mpaka akakopa kwenye kikoba. Kitinda mimba, anayesoma ufundi wa magari VETA Moshi, hakuwa na hela, akatoa usiku wake: alilala kwenye benchi la hospitali siku kumi na moja. Kaka mkubwa, muuza nguo wa Kariakoo, mwenye status za mishkaki na upepo wa Coco Beach, akatuma elfu hamsini pamoja na ushauri. Ile Pijo inayooza pale nyumbani iuzwe vyuma chakavu. Kuna jamaa ameshafika bei, laki nne na nusu, anakuja na lori na mtungi wake wa gesi, anaikata hapo hapo, siku moja tu biashara imeisha.

Sauti ya dakika nne ilikuwa ya Dada. Kipande kilichouma kuliko vyote ni pale aliposema mtu mwenye hela ya kula nyama ufukweni kila Ijumaa hawezi kumuuza baba yake kwa kilo. Alisema "baba yake". Hakusema gari.

Pijo yenyewe ni Peugeot 404, pikapu, ya mwaka 1974. Kwa wale mliozaliwa mkakuta barabara zote ni Toyota: hii 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake lilichorwa na Waitaliano wa Pininfarina, na huku kwetu haikuwa gari la mbwembwe, lilikuwa gari la kazi. Injini ya petroli ya lita 1.6, imelazwa upande kwa nyuzi 45 kama mtu aliyeegemea ukuta. Gea ziko kwenye usukani. Betri ikifa, kuna tundu mbele la kuchomeka hendeli, unazungusha kwa mkono gari linawaka. Kwenye mashindano ya East African Safari ilishinda 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, miaka ambayo magari mengi yalikuwa yanaishia kwenye matope. Mshindi wa 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa dereva wa hapa hapa Tanzania. Wazee wa Kilimanjaro walipokuwa wanaitamani Pijo hawakuwa wanafuata mkumbo. Walishaona.

Ya familia hii ilinunuliwa kwa mkono wa pili mwaka 1986. Imebeba ndizi kushuka soko la Mbuyuni, imebeba mbolea na saruji kupanda. Imewahi kubeba bibi harusi asubuhi na jeneza jioni, siku hiyo hiyo, na katikati ikaoshwa. Mwaka 2005 ikasimama. Hakuna aliyetangaza kwamba imekufa. Ilisukumwa chini ya mparachichi "kwa muda", na si unajua "kwa muda" ya nyumbani. Kuku wakahamia. Watoto wote wa jirani wamejifunza kuendesha gari kwenye ile siti, kwa mdomo.

Desemba 2024 Wachaga walipanda nyumbani kuhesabiwa, kama mnavyopenda kuwatania. Kaka naye alipanda. Hakuja kusuluhisha kitu, alikuja kwa sababu Mama alimpigia simu akasema sentensi moja: "Baba yako anakaa nje tangu asubuhi, anaangalia njia." Huwezi kujitoa kwenye sentensi kama hiyo.

Aliyeanzisha mambo ni kitinda mimba. Chuoni aliambiwa atafute injini ya kufanyia mazoezi, akaona ya nini ahangaike. Tarehe 27 akafukuza kuku, akafyeka majani, akafungua boneti. Mzee kaletewa kiti cha plastiki. Dada kasimama na kikombe cha chai. Kaka kasimama mbali, anajifanya anaongea na simu.

Ndani, pale kabureta inapokaa, palikuwa na tundu limezibwa na tambara lililooza. Stata nayo haipo. Kitinda mimba akashangaa kwa sauti: nani kaiba vitu nyumbani kwa mtu ambaye hajawahi kuibiwa hata jembe? Hakuna aliyejibu. Kaka akaacha kuongea na simu ambayo haikuwa na mtu.

Mzee akaangalia lile tundu. Akamwangalia Kaka. Akakunja uso, akahangaika na mdomo kama anavyohangaika siku zote, na safari hii neno likatoka zima zima, limenyooka:

"Nokia."

Mwaka 2006 Kaka alikuwa kidato cha nne. Alifungua kabureta na stata usiku, akamuuzia fundi mmoja wa mjini, akanunua simu. Akadanganya kwamba kaokota kwenye daladala. Miaka 18 aliamini siri ni yake peke yake. Mzee alijua tangu wiki ile ile na hakusema, ila, ukikaa ukafikiria vizuri, ni wiki ile ile pia aliyoacha kusema kwamba Pijo atakuja kuitengeneza.

Dada ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini na chai ikamwagika. Kaka hakucheka. Alikwenda nyuma ya nyumba kwa muda mrefu kidogo, akarudi amekunja mikono ya shati, akauliza spana ziko wapi.

Mtu asikudanganye kwamba kutengeneza gari la zamani ni kama zile video za dakika moja zenye muziki, kutu inaingia upande huu, rangi inayong'aa inatokea upande ule. Injini ilikuwa imekamata. Walitoa plagi zote nne, wakamimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gea boksi otomatiki kwenye kila silinda, wakaacha siku nane. Kila jioni kitinda mimba anajaribu hendeli, haisogei. Siku ya tisa ikasogea upana wa kidole. Walishangilia ule upana wa kidole kama goli la dakika ya 90.

Hapo ndipo Dada akagundua kitu. Kijana yuko chini ya gari, kanyoosha mkono nje, hajasema anataka nini, na Mzee kwenye kiti chake anatamka: "Kumi na tatu." Kijana anapewa spana namba kumi na tatu, inakaa. Baada ya muda: "Kumi na saba." Inakaa. Mtu ambaye hawezi kuomba maji anazijua nati zote za gari kwa namba na anazitaja bila kujikwaa. Kama muuguzi, Dada ameshaliona hili wodini: mgonjwa wa kiharusi anaweza kupoteza maneno ya kawaida, lakini kuhesabu, kusali, kutukana na vitu alivyovirudia maisha yake yote vikabaki. Hakuwaambia wenzake kwamba Mzee amepona, kwa sababu hajapona. Alichofanya ni kuahirisha kurudi Arusha kwa siku nne, akakaa pembeni na daftari, anaandika maneno mapya. Siku ya kwanza saba. Siku ya nne kumi na tisa, mawili hayaandikiki hapa.

Ugomvi uliofuata ulikuwa wa injini. Fundi wa mjini aliyeitwa kuangalia alitoa ushauri ambao kila mtu Bongo angeutoa: tupeni hiyo, fungeni injini ya Toyota, spea zipo kila kona, mtaendesha mpaka mchoke. Kwa hesabu alikuwa sahihi kabisa, na Kaka alimuunga mkono. Mzee akasema "Hapana". Akaulizwa kwa nini, maneno yakamkimbia. Akarudia "Hapana", akapiga mkono wake mzima kwenye boneti mara mbili. Kura zikapigwa: mmoja kwa Toyota, wawili kwa Pijo. Mama hakupiga kura. Alikuwa anamenya ndizi, hakuna aliyemuuliza.

Basi Februari, Kaka na kitinda mimba wakapanda gari kwenda Nairobi, kupitia Namanga, kutafuta kabureta na stata kwenye mtaa wa Kirinyaga ambao wenyewe mpaka leo wanauita Grogan. Kenya Pijo zilibeba abiria sana enzi zile, pikapu zikifungwa mabenchi nyuma zinakuwa matatu, kwa hiyo spea bado zinapatikana kwa wazee wenye vibanda vyeusi kwa grisi. Mmoja alipoambiwa ni 404 akaweka chai chini. "Hiyo ndio gari," alisema. "Hizi zingine ni simu zenye magurudumu."

Kabureta walipata. Lakini kilichowapata njiani kilikuwa kikubwa zaidi. Saa nyingi kwenye siti mbili, simu imeisha chaji, Kaka akamwambia mdogo wake kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu yeyote: fremu yake ya Kariakoo ilifungwa Februari 2024, mwezi mmoja kabla ya kiharusi. Mzigo ulikwama, kodi ikamshinda, mwenye fremu akabadili kufuli. Zile status zilikuwa picha za zamani, nyingine za rafiki. Zile elfu hamsini aliazima. Ushauri wa kuuza Pijo haukuwa dharau. Laki nne na nusu ilikuwa ndiyo hela pekee aliyoweza kuifikiria ambayo si ya mtu mwingine.

Kitinda mimba alikaa na siri hiyo kwa siku mbili, ya tatu akampelekea Dada, na hakuna wa kumlaumu. Dada hakupiga simu kuomba radhi. Alimtumia Kaka orodha ya vifaa vya kununua Dar, akaweka na hela, na chini akaandika: "Chenji baki nayo, ule." Kaka aliila. Mengine ya watu hawa wawili walimalizana wenyewe, au labda hawajamaliza. Deni la kikoba bado lipo na Kaka amelipa laki tatu, kidogo kidogo.

Kazi ya bodi ilimeza katikati ya mwaka mzima. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu kiasi cha kuona kuku anapita chini, ikakatwa ikachomelewa shiti mpya. Puti, msasa, puti, msasa. Rangi waligombania wiki tatu: Kaka alitaka nyeusi isiyong'aa kwa sababu ya picha, Dada nyekundu, ikapigwa ile ile ya krimu ya zamani baada ya Mzee kukwangua kwa kucha pembeni ya mlango na kuonyesha tabaka la chini. Kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na mbonyeo mkubwa. Fundi bodi akiwa na nyundo mkononi Mama akapita, akasema huo uacheni. Hakueleza. Waliuacha.

Novemba gari likawa tayari kuwashwa, na hapo Mama akatoka jikoni kwa mara ya kwanza akiwa na swali. "Difu mmeweka oili gani?"

Kitinda mimba akamjibu kwa upole wa msomi: oili ya difu, Mama, ile nzuri, inayowekwa magari yote.

"Mwage," alisema Mama. "Pijo hainywi hiyo. Ya kwake ilikuwa inanuka nyonyo."

Mafuta ya nyonyo! Yale mnayopaka nywele zijae. Vijana wakacheka, fundi akacheka. Mzee kwenye kiti chake hakucheka, alikuwa anapiga kichwa "ndiyo, ndiyo, ndiyo" mpaka kofia ikadondoka. Kitinda mimba akampigia mzee wa Grogan, akaweka sauti ya nje. Kumbe difu ya 404 haifanani na za magari mengine. Ndani yake kuna skrubu ndefu ya chuma inayosukuma gurudumu la meno, na gurudumu hilo ni mchanganyiko wa shaba na bati. Oili nyingi za difu za siku hizi zina dawa nzuri kwa meno ya chuma, lakini zinaweza kuila shaba polepole. Peugeot wenyewe enzi hizo walielekeza oili iliyotokana na mimea, ya nyonyo. "Nani huyo amewaambia?" aliuliza yule mzee. "Mama yetu." "Basi sikizeni mama yenu, na mnipe salamu kwake."

Oili ikamwagwa kabla gari halijatembea hata mita moja. Nyingine ya kufaa ilipatikana kwa fundi wa mitambo ya kiwanda, wanaitumia kwenye gea za aina hiyo hiyo. Na Mama, kwa kuwa sasa ameulizwa, akaongea. Mwaka 1986 Pijo ilinunuliwa kwa hela mbili. Uchagani kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni za mama, kila mtu na mfuko wake. Ya kahawa ilifika kama nusu ya bei. Iliyobaki ilikuwa ya ndizi na maziwa ya miaka minne, noti ndogo ndogo kwenye kopo la Kimbo. Kadi ikaandikwa jina la Mzee kwa sababu ndivyo kadi zilivyokuwa zinaandikwa. Taniboi wa kwanza wa gari hilo alikuwa yeye: anapakia, anashusha, anasukuma gogo nyuma ya tairi kwenye mlima, na asubuhi za baridi Mzee anakanyaga mafuta yeye anazungusha hendeli, mimba ya Dada ikiwa ya miezi mitano. Ule mbonyeo wa mlango wa nyuma alioukataza kunyooshwa ni wa kwake. Alijifunza kuendesha mwenyewe kinyumenyume, usiku, watu wamelala, akagonga mgomba, na nyuma ya mgomba kulikuwa na jiwe. Mzee aliamka, akaangalia, akarudi kulala. Hajawahi kuuliza.

Watoto watatu wa mjini, wenye simu tatu zenye kamera nne nne, walikuwa hawajui hata sentensi moja ya habari hiyo.

Stata ilikuwepo, betri mpya ilikuwepo, lakini Mama alitaka hendeli. Kitinda mimba akaishika kama anavyoshika mpini wa jembe, akapigwa kofi la mkono. Kidole gumba kisizunguke, kikae upande mmoja na vingine, maana injini ikirudisha nyuma hendeli inageuka na gumba linavunjika. Unavuta kwenda juu, husukumi kwenda chini. Mara ya kwanza kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tano ikashika, moshi mweupe ukajaa uwanja mzima, mbwa wakakimbia, na Mzee akasema maneno mengi mfululizo ambayo hayakueleweka hata moja. Dada hakuandika kitu kwenye daftari.

Mambo ya ukaguzi, kadi na bima yalikula wiki tatu, na mwenye gari Tanzania hahitaji kusimuliwa. Hesabu ya jumla ilifika milioni sita na laki nane. Kwa hela hiyo wangepata bodaboda mbili na chenji, na Kaka amewakumbusha hilo zaidi ya mara moja.

Desemba 2025 Pijo ilishuka Mbuyuni na mikungu kumi na minne. Kitinda mimba kwenye usukani, Mama katikati, Mzee dirishani, Kaka na Dada nyuma juu ya ndizi wakila vumbi. Sokoni watu walizunguka na simu zao. Akatokea bwana mmoja mwenye miwani, akazunguka gari mara mbili, akapiga magoti kuangalia chini, akamsogelea Mzee dirishani na shikamoo ndefu. Anataka kununua. Milioni tisa, leo leo.

Kaka, kule nyuma, alisimama.

Mzee akainua mkono wake wa kushoto taratibu, akamnyooshea Mama.

Mama alishashuka, yuko nyuma anahesabu mikungu na mteja wake. Bwana wa miwani akarudia bei kwa sauti, kashika mlango wa nyuma penye mbonyeo. Mama hakugeuka.

"Toa mkono hapo kwanza, baba," alisema. "Tunashusha."